Kufuga na Kulea: Habari ya Walabi

Watu wengi hudhani kuwa dhuluma juu ya mnyama hutoka katika chuki au katika ukavu wa moyo. Fimbo apigwayo punda, mzigo umzidio nguvu, njaa ya mbwa aliyefungwa mlangoni: hizo twazijua, na kuzilaumu si kazi. Iko dhuluma nyingine iliyo ngumu kulaumiwa, kwa sababu chanzo chake ni mapenzi. Nataka kuieleza kwa mfano wa mnyama asiyepatikana katika nchi zetu, ambaye pengine baadhi ya wasomaji hawajapata kusikia jina lake. Nakiri mapema kwamba katika habari hii mimi si mtazamaji tu.

Walabi ni ndugu mdogo wa kangaruu. Kwao ni Australia na New Guinea. Aina ijulikanayo zaidi kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani ni walabi wa shingo nyekundu, atokaye mashariki ya Australia na katika kisiwa cha Tasmania. Ni mnyama wa manyoya ya kijivu yenye wekundu mabegani, miguu mirefu ya kurukia, mikono mifupi, na macho makubwa meusi ambayo mtu akiyatazama hujiona kuwa anaombwa kitu. Hula majani, na aghalabu hutoka malishoni jioni na alfajiri.

Mwaka 2012 nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Siku ya mapumziko nilialikwa chakula na mama mmoja mjane, mtu mwema sana, aliyekaa nje kidogo ya mji. Alinifungulia mlango huku mfuko wa kitambaa kizito ukining'inia begani mwake, nami nikadhani umo ufumaji wake. Tulipokwisha keti, mfuko ukatikisika, likatokeza sikio, kisha pua. Alikuwa mtoto wa walabi. Mama yule alikuwa amemnunua kwa dola zaidi ya elfu mbili kwa mzalishaji wa wanyama, na kwa majuma kadhaa alikuwa akiamka usiku mara mbili au tatu kumnywesha maziwa kwa chupa. "Mchukue," akaniambia, "hana neno." Nikampokea pamoja na mfuko wake, nikamweka kifuani. Joto lake likapita katika shati langu. Akauingiza mkono wake mdogo katikati ya vifungo, akalala.

Sitaki kujifanya mwenye hekima niliyokuwa sina siku ile. Nilifurahi. Niliona kwamba mnyama huyu amenichagua. Na mwenyeji wangu aliponiomba nimpatie mnyama wake jina la Kiswahili, sikufikiri hata dakika moja, nikampa jina la Tunu.

Baadaye, kwa udadisi wa kazi yetu ya kusoma, nilitafuta habari za mnyama yule, na kila nilipojua jambo moja zaidi ndivyo furaha ile ilivyozidi kunisumbua.

Walabi hazaliwi kama mbuzi. Mimba yake huchukua muda wa mwezi mmoja tu, na azaliwapo hafikii hata gramu moja, ukubwa wake kama wa kunde, kipofu, hana manyoya, miguu ya nyuma bado haijatengenezeka. Katika hali hiyo hupanda mwenyewe kwa mikono yake miwili, akishika manyoya ya tumbo la mama, mpaka akaufikia mfuko na kulikamata titi. Mama zetu wana mbeleko. Mama wa walabi ameumbwa na mbeleko yake. Mtoto wa walabi wa shingo nyekundu hukaa humo kama miezi tisa, na hata akisha kutoka huendelea kurudi na kutia kichwa ndani anyonye. Maziwa yenyewe hubadilika kwa kadiri ya umri wake: yale ya mwanzo si yale ya katikati, wala ya katikati si ya mwisho. Katika jamii ya kangaruu na walabi yawezekana mama mmoja kunyonyesha watoto wawili wa umri mbalimbali, kila mmoja kwa titi lake na maziwa yake, mwili wake ukikumbuka lipi ni la nani.

Sasa, mwuzaji ajua kwamba walabi aliyekulia kwa mama yake hatakubali kubebwa begani. Ni mnyama wa kuwindwa, na hofu ndiyo silaha yake ya kwanza. Mtu akimkimbiza na kumshika kwa nguvu, fadhaa peke yake yaweza kumwangamiza misuli na kumwua. Kwa hiyo, atakaye mnyama mpole hutafutiwa mtoto angali mfukoni. Mfuko wa mama hufunguliwa, mtoto huvutwa nje, hutiwa katika mfuko wa kitambaa, na tangu hapo kila joto alipatalo na kila tone la maziwa hulipata kwa mwanadamu. Upole uuzwao ni huo. Na kuna jambo moja katika maumbile ya wanyama hawa lililonifanya niweke kitabu chini nilipolisoma. Katika jamii nyingi za walabi na kangaruu, mama huwa na mimba nyingine changa iliyosimama tumboni, ikingoja hata yule wa mfukoni amalize zamu yake. Mtoto wa mfukoni akifa, mimba hiyo huamka na kukua. Ni rehema kwa mnyama wa nchi yenye ukame na moto. Mkononi mwa mfanyabiashara rehema hiyo imekuwa faida: akimtoa mtoto mmoja, mwili wa mama huhesabu kuwa amekufa, huanza kumtengeneza wa pili.

Basi Tunu hakunichagua. Alikuwa akitafuta mfuko, na kifua changu kilikuwa karibu.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo yafaa kuyatazama hapa. Twasema kufuga, na twasema kulea. Ng'ombe hufugwa, mtoto hulelewa. Mwenye kufuga hana haja ya kuficha kusudi lake: ataka maziwa, nyama, mayai, ngozi, ulinzi wa nyumba. Mnyama naye, kwa kizazi baada ya kizazi cha maelfu ya miaka, ameumbika kwa mapatano hayo, hata mbwa na paka huweza kukaa uani mwa mtu bila ya kufungwa. Mwenye kulea ana kusudi jingine. Hulea ili aliyelelewa amwondokee. Mzazi ambaye mwanawe ana miaka thelathini naye angali akimlisha kwa mkono, hatusemi kuwa amelea vizuri. Twamwonea huruma, yeye na mwanawe. Kulea kuna mwisho, na mwisho wake ndio utimilifu wake.

Mwenye walabi begani hutumia maneno ya kulea. Humwita mnyama mwanawe, na yeye mwenyewe hujiita mama. Lakini amelipa fedha, amepewa hati, na hatazamii kamwe siku ya kuachana. Amechukua umiliki wa kufuga bila ya uwazi wake, akachukua huruma ya kulea bila ya mwisho wake. Yaelekea kwangu kwamba kosa lote limekaa hapo, na mengine yote ni matawi yake.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana asiyemwogopa mwalimu, aliwahi kunipinga juu ya jambo hili. Alisema: "Mwalimu, jana ulikula kuku. Yule walabi anakaa nyumbani penye joto, ananyweshwa maziwa, haliwi. Nani kati yao amedhulumiwa?" Swali lake ni zito, wala sitalipita kwa mzaha. Tukipima kwa maumivu peke yake, kisu cha mchinjaji chaweza kuwa kizito kuliko chupa ya maziwa. Lakini kuku wangu hakuombwa anipende. Mfugaji wa Kimasai humjua ng'ombe wake kwa jina na kwa rangi, humwimbia, na siku ya kumchinja haihitaji kudanganya nafsi yake kuhusu uhusiano wao ulikuwa wa namna gani. Walabi wa begani ametakiwa atoe kitu ambacho hana cha kutoa, yaani mapenzi ya mtoto kwa mama, na ili akitoe amenyang'anywa mama. Nilimjibu kijana hivyo. Hakuridhika sana, nami sikumlaumu. Mtu alaye kuku hana minara ya kupanda na kuhubiri.

Wako wasemao kwamba mapenzi yakiwa ya kweli husafisha yote. Sina shaka juu ya mapenzi ya mwenyeji wangu. Mtu haamki saa nane ya usiku kwa unafiki. Lakini tazameni mambo yaletwayo na mapenzi yasiyo na maarifa. Mwenye nia njema humpa mtoto wa walabi maziwa ya ng'ombe, na sukari iliyomo katika maziwa hayo humwendesha tumbo na yaweza kumtia mtoto wa jicho, awe kipofu. Mwenye nia njema hufuga na paka, kwa kuwa mpenda wanyama hapendi mmoja tu; katika kinyesi cha paka hukaa kijidudu ambacho paka mwenyewe hakimsumbui sana, lakini walabi kikimwingia humwua upesi, pengine kabla mwenyewe hajaona dalili. Mwenye nia njema humlisha vyakula laini au vya kuchoma fizi, vijidudu huingia katika kidonda cha kinywa, taya huvimba na kuoza mfupa. Maradhi haya ni mashuhuri sana kwa walabi wa kifungoni. Mnyama wa kuwindwa huficha ugonjwa wake, maana nyikani anayeonekana dhaifu ndiye huliwa kwanza. Hukaa kimya, na kimya chake huitwa utulivu. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hapa mwenzio hata kuguna haguni.

Husemwa pia kwamba walabi hawa hawakutekwa porini. Ni kweli. Australia hairuhusu wanyama wake wa asili wa jamii hii kupelekwa nje wakiwa hai kwa ajili ya biashara, na wale wauzwao Marekani na Uingereza ni wazao wa wazao wa waliochukuliwa zamani. Wamezaliwa uani, hawaijui nchi yao, kwa hiyo hawana cha kupoteza. Neno hili huniumiza sikio, kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani, na pwani yetu iliwahi kuwa na neno mzalia. Mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana aliitwa hivyo, akahesabiwa kuwa na hali nzuri kuliko aliyetoka bara juzi. Naye alikuwa mtumwa vile vile. Simlinganishi mwanadamu na mnyama. Ulinganisho wa namna hiyo umekwisha kutumika kwa uovu mwingi, na waliotumika nao walikuwa sisi. Nalinganisha hoja tu. Hoja isemayo "amezaliwa kwangu, basi ni wangu, na kwa kuwa hajui kwingine hana haki ya kwingine" ni hoja mbovu kwa yeyote itumikiwaye. Miguu ya walabi aliyezaliwa Texas ni ile ile ya kurukia, na hofu yake ni ile ile ya Tasmania.

Iko hoja ya tatu, nayo ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi. Husemwa kwamba wafugaji huokoa wanyama wasitoweke. Na historia ya walabi ina kisa kimoja kiungacho mkono hoja hii kwa nguvu za ajabu. Sir George Grey, gavana wa Kiingereza katika New Zealand, alikinunua kisiwa cha Kawau mwaka 1862, akakijaza miti na wanyama wa kigeni kwa kupenda kwake. Yapata mwaka 1870 aliwaleta walabi wa aina kadhaa kutoka Australia. Miongoni mwao alikuwa walabi mdogo aitwaye parma. Miaka ikapita. Huko kwao Australia parma hakuonekana tena, na wataalamu wakamwandika kuwa ametoweka duniani. Kumbe katika Kawau alikuwapo, akihesabiwa mharibifu, akiuawa kama panya. Mwaka 1965 akatambuliwa. Mara moja aliyekuwa akiuawa akawa johari, akapelekwa katika bustani za wanyama za nchi mbalimbali ili azae.

Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilidhani hoja yangu imeanguka. Anasa ya tajiri mmoja imefanya ambalo sheria na elimu hazikulifanya! Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1967 parma alionekana tena katika misitu ya New South Wales, akiishi kwa siri kama alivyozoea. Hakuwa ametoweka, watu ndio walioacha kumwona. Na hata kama angalikuwa ametoweka, Grey hakumchukua ili amwokoe. Jema litokealo bila kukusudiwa ni la kushukuriwa, wala halimpi mtu ruhusa ya kurudia tendo akitumaini bahati ile ile. Tena wakumbukwe walabi wengine wa nchi hiyo hiyo. Mwaka 1874 wachache wa shingo nyekundu walifunguliwa katika vilima vya karibu na Waimate, kusini ya New Zealand. Leo wazao wao wameenea, wanakula malisho ya kondoo na miche ya msitu, na serikali iliunda mwaka 2020 mpango wa taifa wa kuwaondosha. Huondoshwa kwa bunduki na kwa sumu. Hakuna walabi aliyeomba kwenda New Zealand, lakini deni la waliowapeleka wanalilipa wao.

Mambo kama hayo yametokea kila ilikopelekwa anasa hii. Mwaka 1916 walabi wawili wa mwambani walitoroka katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, baada ya mbwa kulivamia zizi lao, na wazao wao wakaendelea kukaa katika magenge ya bonde la Kalihi. Katika milima ya Staffordshire, Uingereza, walabi wachache wa Henry Courtney Brocklehurst, aliyewahi kuwa mkuu wa hifadhi ya wanyama katika Sudan, walitoka zizini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwenyewe aliuawa Burma mwaka 1942. Wanyama wake walidumu bila yeye, wakaupita msimu mbaya wa theluji wa 1947, wakafika kama hamsini katika miaka ya 1970, kisha wakapungua kidogo kidogo mpaka hawakuonekana tena. Nafikiri mara nyingi juu ya walabi wale wa mwisho katika theluji, na juu ya mtu ambaye kazi yake Afrika ilikuwa kuwalinda wanyama mahali pao.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba nakataa kila chupa na kila mfuko wa kitambaa. Katika Australia yenyewe, magari huwagonga walabi na kangaruu wengi barabarani usiku, na mara nyingi mama hufa na mtoto akabaki hai mfukoni. Wako watu, wengi wao wa kujitolea, wawachukuao watoto hao. Hushona mifuko, huitundika karibu na moto, huamka usiku, hunywesha maziwa yaliyotengenezwa mahsusi bila ya ile sukari idhuruyo. Mtazamaji wa dirishani hangeona tofauti kati ya mmoja wao na yule mwenyeji wangu. Kitambaa ni kile kile, chupa ni ile ile, uchovu ule ule. Lakini hawa hawakumwua mama wala hawakumnyang'anya. Na mtoto akikua, mlezi humpunguzia mikono yake kwa makusudi, humweka pamoja na wenziwe, humwacha azoee kuogopa watu, kisha humfungulia lango. Baadhi yao husema siku hiyo hulia. Hao nawahesabu kuwa wamelea.

Wala sisi tusiketi barazani tukadhani habari hii ni ya Wazungu. Nyani haoni kundule. Twiga aliyefikishwa China mwaka 1415 kuwa zawadi kwa mfalme alitoka Malindi, na hakujipeleka. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo wamening'inizwa katika vibaraza vya miji yetu tangu zamani za mababu, wakifundishwa kusalimu wageni. Biashara ya kimataifa ya ndege hao walioshikwa porini ilipokatazwa kwa makubaliano ya mwaka 2016, wengi wetu tulishangaa kusikia kwamba wamekuwa adimu. Nyumbani kwetu alikuwako mmoja. Alijua kuniita kwa sauti ya marehemu bibi yangu, na kila mtu alisema ananipenda. Methali yetu husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nayo angalau ina unyofu wa kuitaja kamba.

Nirudi kwa Tunu. Alikuwa dume. Walabi dume akipevuka hupima nguvu zake kwa kupigana, hukumbatia kwa mikono na kupiga kwa miguu ya nyuma, na kwa kuwa Tunu hakuwa na walabi mwingine wa kupigana naye, alimpiga aliyemjua. Mwenyeji wangu aliniandikia, mwaka wa pili baada ya mimi kurejea nyumbani, kwamba ameumizwa paja, kwamba hawezi tena kumwingiza ndani, na kwamba amemjengea kibanda uani. Hakuandika kwa hasira. Aliandika kama mtu aliyesalitiwa na mwanawe, na katika sentensi zake niliona jina nililolitoa mimi limeandikwa mara tano.

Baada ya miezi michache ilikuja barua nyingine. Nyumba imekuwa kimya, alisema. Amepata habari za mtoto wa kike, walio wapole zaidi, atakayetolewa mfukoni mwezi ujao. Je, ninalo jina jingine zuri la Kiswahili? Safari hii nilifikiri siku tatu. Kisha nilimwandikia yote niliyoyaandika hapa, kwa upole kadiri nilivyoweza, nikamwomba atumie fedha hizo kumnunulia Tunu mwenziwe mkubwa ambaye amekwisha kuachishwa na mama yake, hata ikiwa hatakubali kubebwa. Alinijibu kwa adabu kwamba amenielewa, lakini arubuni amekwisha kuilipa.